Fundi, Hii Shafti Umeipangaje Bei?

Nimerudi chuoni salama, vumbi la Singida bado liko kwenye begi, na boom bado halijasoma kwa hiyo msiniulize habari za chipsi. Nimemaliza mazoezi ya kufundisha, wiki nane za hisabati na fizikia katika shule moja ya kata huko kwetu, na nilikuwa nimepanga kuandika juu ya vidato vyenye wanafunzi themanini kwenye chumba kimoja. Hilo litasubiri. Leo nataka kuandika juu ya jambo ambalo limenikaa kooni tangu Juni, nalo ni bei ya kuchonga chuma.

Najua wengine mtasema huyu ticha kachanganyikiwa, ualimu na vyuma wapi na wapi. Subirini kidogo.

Singida kila mtu anajua ni alizeti. Kuanzia Iramba mpaka Ikungi, Mkalama mpaka Manyoni, mwezi wa tano ukifika masuke yanakatwa, yanapigwa, magunia yanapanda kwenye bodaboda na matoroli kwenda kwa wenye mashine. Ukiacha viwanda vikubwa vya mjini, kazi kubwa ya kukamua inafanywa na mashine ndogondogo, zile za injini ya dizeli au mota ya umeme zilizofungwa kwenye kibanda cha bati, mafuta yanatoka huku na mashudu yanatoka kule. Mjomba wangu anayo moja, upande wa Iramba. Ndani ya mashine hiyo kuna skrubu kubwa inayosukuma mbegu na kuziminya, nayo imepanda kwenye shafti. Skrubu inalika kwa sababu mbegu za alizeti zinakuja na mchanga. Shafti nayo inalika pale inapokaa beringi, au inapinda, au inakatika kwenye mfereji wa kabari. Hiyo ni kawaida, kama tairi la baiskeli linavyoisha.

Sasa shafti ya mjomba ilikatika Juni, katikati ya msimu. Akaipeleka kwa wachongaji wa mjini. Karakana ya kwanza wakamwambia laki na ishirini. Ya pili laki mbili na nusu. Ya tatu jamaa aliishika ile shafti, akaigeuza, akamtazama mjomba viatu, kisha akasema laki tatu. Kipande kilekile! Mjomba akaamua hawa wote ni wezi, akapiga simu Dar, akatumiwa na basi shafti iliyotoka nje ya nchi. Karibu kilomita 700. Ilipofika ikawa imezidi milimita chache pale pa beringi, ikabidi irudi kwa wachongaji walewale ipunguzwe. Mashine ilikaa kimya siku tisa. Ukichukulia kwamba kibanda kile kinamwachia mfano 40,000 kwa siku baada ya dizeli na vijana, siku tisa ni 360,000, na hapo bado hujalipa shafti wala basi.

Nikasema hapa kuna hesabu inakosekana. Jumamosi nikaanza kwenda kukaa kwenye karakana moja (jina nalihifadhi, mwenyewe aliniomba), yule wa laki na ishirini. Nilikwenda na daftari na kikokotoo cha simu. Yeye akawa ananiita ticha, mimi namwita fundi, na baada ya Jumamosi nne nikawa na msimamo ninaotaka kuusema hapa bila kuzunguka: mafundi wetu wa kuchonga vyuma wanajua kazi, ila wengi wao hawajui bei ya kazi yao. Na wateja wetu, mjomba akiwemo, hawajui wananunua nini. Kati ya hao wawili, kila msimu hela inapotea na hakuna aliyeiiba.

Tuanze na chuma chenyewe. Tuseme shafti inatakiwa iwe na kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 800. Fundi anakwenda dukani mjini, milimita 52 haipo, 55 haipo, ipo 60. Basi ananunua 60. Hesabu ya ujazo wa mcheduara tunaifundisha kila siku: pai gawanya kwa nne, zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha urefu. Inakuja kama sentimita za ujazo 2,262. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, kwa hiyo kipande kina kilo 17.75 hivi. Tukiweka mfano kilo ni shilingi 4,000 (bei inapanda na kushuka, kila mtu aweke ya kwake), chuma peke yake ni 71,000.

Halafu angalia hii. Kutoka 60 kwenda 50, chuma kinachotolewa ni kama kilo 5.4. Yaani chuma cha zaidi ya shilingi 21,000 kinaanguka chini kama machicha, kinafagiwa, na baadaye kinauzwa kwa watu wa skrepa kwa bei ya kutupa. Mteja amelipia kilo hizo tano na zaidi na hataziona kwenye shafti yake. Hiyo ni gharama ya kukaa Singida mbali na maduka makubwa ya vyuma, na haina uhusiano na tamaa ya fundi. Ndiyo maana mafundi wajanja wanatafuta hafu shafti za malori mabovu, maana chuma chake ni kigumu na kipenyo wakati mwingine kinakaribiana na kinachotakiwa. Kwenye karakana ile zilikuwa zimeegemea ukutani kama mikuki.

Sasa muda. Hapa ndipo fundi aliponishangaza, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na tano kwenye mashine na hajawahi kuuliza kazi fulani itachukua dakika ngapi kabla ya kuianza. Anaanza, inaisha, basi. Lakini muda wa kukereza unakokotoleka hata kabla ya kuwasha mota. Kisu cha kawaida cha chuma kigumu, kikikata chuma laini, unaweza kukipeleka kama mita 25 kwa dakika. Chukua 25 zidisha kwa 1,000 upate milimita, gawanya kwa mzingo wa kipande, yaani pai mara 60, unapata mizunguko kama 133 kwa dakika. Kila mzunguko kisu kinasogea mfano robo milimita. Kwa hiyo kinatembea kama milimita 33 kwa dakika, na urefu wa 800 unahitaji dakika 24 kwa mpito mmoja. Kutoka 60 mpaka 50 ni kuondoa milimita tano kila upande. Mipito minne ya kukwangua na mmoja wa kusafisha, jumla mitano. Dakika 120. Saa mbili kamili kisu kikiwa kinakula chuma.

Tulipima kwa saa ya ukutani, ikatoka saa mbili na dakika chache. Fundi alicheka, akasema, "Ticha, kumbe hii mashine umeisoma darasani?" Sikuisoma darasani. Nimesoma kasi na mzingo, basi.

Ila hizo saa mbili ni sehemu ndogo ya hadithi. Kuna kukata kipande na msumeno, kuweka senta, kukifunga, kukigeuza, kuchonga sehemu za beringi kwa makini na venia, kuchonga mfereji wa kabari, kuchonga nyuzi za nati mwishoni, kunoa kisu mara mbili, kwenda kujaribu beringi kama inaingia. Tulihesabu kila kitu ikafika saa tano. Wateja wengi wanalipia wanachokiona, cheche na machicha. Zile saa tatu nyingine za kufunga na kupima wanaona fundi anazubaa.

Saa moja ya karakana ni shilingi ngapi? Hili ndilo swali ambalo nadhani kila mwenye mashine Singida angelijibu kwanza kabla ya kumtajia mtu bei yoyote. Tulilijibu hivi, kwa namba za mfano zilizokaribiana na za kwake. Mashine iliyotumika ilinunuliwa milioni 24. Tuseme itatumika miaka kumi, na kila mwezi inauza saa 100. Nasema inauza, sisemi inafunguliwa. Karakana inafunguliwa saa zaidi ya 200 kwa mwezi, lakini umeme unakatika, wateja hawapo, kuna soga na kuna mpira. Saa ambazo mtu analipia ni kama 100. Miaka kumi ni saa 12,000, kwa hiyo kila saa mashine inajila shilingi 2,000. Pango la 200,000 kwa mwezi, gawanya kwa 100, ni 2,000 nyingine. Fundi mwenyewe ajilipe 600,000 na msaidizi wake 300,000, hiyo ni 9,000 kwa saa. Umeme weka 900. Visu, mafuta ya mashine, mikanda, matengenezo, weka 1,500. Jumlisha: 15,400 kwa saa.

Saa tano ni 77,000. Ongeza chuma 71,000, unapata 148,000. Halafu kuna mkosi: katika vipande kumi hivi kimoja kinaharibika, kisu kinazama au kipimo kinapita, na hakuna mteja anayelipia kilichoharibika. Kwa hiyo asilimia 10 juu, 14,800. Tumefika 162,800 na bado hatujaweka faida hata senti. Weka faida ya asilimia 15, bei inakuwa 187,220. Tuite laki na tisini.

Fundi alimtajia mjomba laki na ishirini!

Nilipomwonyesha alinyamaza muda mrefu. Hesabu yake ya kichwani ilikuwa rahisi: chuma sabini na moja, kazi yangu hamsini, laki na ishirini hiyoo. Anapata hamsini mkononi, anakwenda nyumbani na unga na nyama, anaona biashara inakwenda. Kwa sababu mashine haidai leo. Mashine ni mkopeshaji mpole sana, haipigi simu wala haiji mlangoni. Inadai siku moja tu, siku ile reli zake zimelika hadi shafti inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, au gia inapokatika, na siku hiyo inadai yote kwa mkupuo. Nikamuuliza ana akiba kiasi gani ya kununua mashine nyingine. Mnaweza kubahatisha jibu. Na mkoani kwetu naona vibanda vya wachongaji vilivyofungwa na mashine yenye kutu ndani, watu wanasema jamaa alirogwa.

Yule wa laki tatu naye simtetei. Yeye alitazama viatu. Bei ya kutazama viatu inamkomoa mteja leo na kesho inamfukuza, ndiyo hiyo iliyomfanya mjomba apige simu Dar. Tofauti yake na yule wa kwanza ni tabia tu, wote wawili wanapanga bei bila karatasi.

Turudi kwenye zile saa 100, maana hapo ndipo penye utamu. Kati ya 15,400, shilingi 13,000 (mashine, pango, mishahara) zinatoka hata kama hakuna kazi. Mwezi ukiuza saa 50 tu, hizo 13,000 zinakuwa 26,000, ongeza zile 2,400 za umeme na visu, saa moja inakugharimu 28,400. Mwezi ukiuza saa 150, inashuka mpaka kama 11,000. Fundi yuleyule, shafti ileile, kisu kilekile! Na Singida kazi hizi zinakuja zote kwa pamoja, Mei, Juni na Julai, mashine zinapovunjika. Kipindi cha mvua, Januari mpaka Machi, karakana zinapiga miayo. Kwa hiyo wenye mashine za kukamua wangeagiza shafti na skrubu za akiba Februari, fundi angeweza kuwapa bei nzuri kwa haki kabisa, bila kupunja mtu. Najua mtaniambia Februari hela hakuna, iko shambani. Kweli. Lakini mtu anaweza kulipa chuma tu, ile 71,000, na kumalizia msimu ukianza. Nilimwambia mjomba, akasema atafikiria. Mjomba akisema atafikiria huwa ni hapana, ila safari hii aliuliza bei mara mbili.

Sasa kuna hili la vifaa vya kutengenezea vifaa, ambalo naona halieleweki kabisa hata kwa wasomi wenzangu. Watu wanauliza kwa nini skrubu ya kutoka nje iliyosafiri baharini ni rahisi kuliko ya kuchonga hapa. Wanajibu wenyewe: wenzetu wana akili, sisi wavivu. Upuuzi mtupu. Jibu liko kwenye kugawanya. Kiwanda cha nje kinatengeneza kalibu moja ya kumiminia chuma. Tuseme kalibu hiyo na kielelezo chake vimegharimu 600,000. Ukimimina kipande kimoja, kimebeba 600,000 mgongoni. Ukimimina 50, kila kimoja kinabeba 12,000. Ukimimina 200, kila kimoja kinabeba 3,000. Wao wanamimina maelfu. Fundi wetu anachonga moja, ya mjomba, kesho nyingine ya mtu mwingine yenye kipimo kingine kwa sababu kila mashine ilikuja na ukubwa wake.

Hata bila kalibu, kuna jigi, yaani kile kishikio cha kudumu kinachokaa kwenye mashine ili usipime upya kila mara. Fundi alikadiria akiwa na jigi nzuri kwa ajili ya shafti za aina ile, saa tano zingekuwa tatu. Anaokoa saa mbili, 30,800 kwa kila shafti. Jigi yenyewe ingemgharimu kama 400,000. Gawanya: shafti 13 na jigi imejilipa, ya 14 kuendelea ni faida. Msimu mmoja kwenye tarafa moja shafti 13 hazikosekani! Kinachokosekana ni wenye mashine kukubaliana kipimo kimoja. Wakiwa na ushirika wa alizeti wanakaa kikao juu ya bei ya gunia mpaka usiku, juu ya kipenyo cha shafti hakuna anayesema neno.

Na msidhani mambo haya ni mageni kwenye udongo wetu. Pale Iramba kuna Sekenke, mgodi wa dhahabu wa enzi za Wajerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipowabana na meli kutoka kwao zikazuiwa, mwaka 1916 walichukua dhahabu ya Sekenke wakagonga sarafu ya rupia 15 kwenye karakana ya reli ya Tabora, yenye picha ya tembo. Sarafu hizo zilikuwa 16,198. Hebu fikiria kazi ya kuchonga muhuri wa kugongea, herufi kinyumenyume, tembo na mlima, kwa mkono. Wakusanyaji wa sarafu wanatofautisha aina mbili kwa nakshi ndogo iliyo chini ya herufi, maana yake muhuri zaidi ya mmoja ulichongwa. Kama muhuri ungegonga sarafu kumi tu, ingekuwa wazimu. Ukigawanya kwa elfu kumi na sita, kazi yote ile inakuwa kitu kidogo sana kwa kila sarafu. Walibanwa, wakachonga, wakagawanya. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaichukua Tabora na karakana ikawa na mwenyewe mpya.

Serikali yetu nayo baada ya uhuru ililiona hili. SIDO ilianzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo na mpaka leo ina ofisi mikoani, Singida ikiwemo. Mang'ula kule Kilombero kulijengwa karakana kubwa kwa msaada wa Wachina wakati wa TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Hai, Kilimanjaro, kikajengwa kiwanda cha kutengeneza mashine zenyewe za kukereza, kwa msaada wa Bulgaria. Kuna TEMDO na CAMARTEC pale Arusha. Kwa hiyo mawazo yalikuwepo na majengo yapo. Ninachokiona mimi, kwa macho yangu ya kijana wa mwaka wa tatu, ni kwamba tulihangaikia mashine na mafunzo ya kuiendesha, ile karatasi moja ya kukadiria bei tukaiacha kwa mhasibu ambaye hajawahi kushika kisu.

Kuna Mmarekani, Frederick Taylor, ambaye alitumia miaka 26 kukata vyuma ili ajue tu kisu kinadumu muda gani, na mwaka 1906 akawasomea wahandisi wenzake matokeo. Fomula yake ni ya vipeo, hesabu za kidato cha pili kabisa. Kwa visu vya kawaida, ukiongeza kasi asilimia 20 tu, kisu kinadumu chini ya robo ya muda wa mwanzo. Nilimweleza fundi, akasema anaijua siku nyingi ila hakujua ina fomula; msaidizi wake akiwa na haraka ya kwenda kuangalia mpira visu vinaisha kama njugu. Basi hapo nikawa nimepata mfano wa kufundishia vipeo. Jumatatu nikawaambia wanafunzi wangu kuhusu visu badala ya bakteria wanaojigawa, na kwa mara ya kwanza kijana mmoja wa nyuma, ambaye baba yake ni mchomeleaji, alinyoosha mkono.

Hapa ndipo ualimu unapoingia, kwa wale waliokuwa wananisubiri. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari tangu 2024, na mimi naunga mkono kabisa, watoto washike chuma na mbao. Lakini hofu yangu ni kwamba tutawafundisha kuchonga na kuchomelea, halafu tutawaachia mtaani wapange bei kwa kutazama viatu. Mwalimu wa hisabati atakuwa chumba kimoja anafundisha mcheduara, mwalimu wa amali chumba cha pili anakereza mcheduara, na hawatakutana hata chai. Mimi nasema kipande chochote kinachochongwa na mwanafunzi kiwe na karatasi yake: uzito wa chuma, saa, bei ya saa, mkosi, faida. Asiyeweza kujaza karatasi hiyo, hata kama kipande kimetoka kinang'aa, asipewe alama zote. Mkali? Ndiyo. Mtaa ni mkali zaidi.

Nimeshasikia pingamizi moja tayari, tena kutoka kwa fundi mwenyewe, na ni zito. Alisema, "Ticha, nikisema laki na tisini, mteja anavuka barabara kwa jirani anayesema laki na kumi." Sina dawa kamili ya hili. Nilichomwambia ni kwamba jirani wa laki na kumi ana mashine inayolika kama yake, na kwamba karatasi ina kazi mbili: kumwambia bei, na kumwambia kazi gani aikatae. Shafti moja ya haraka ya Juni anaweza kuifanya kwa laki na tisini na mteja aliyesimamisha kibanda atalipa, kwa sababu siku moja ya kibanda ni 40,000. Kazi za Februari anaweza kushusha. Kazi ya mteja anayekuja na chuma chake mwenyewe, kimejikunja, halafu anataka alipe "hela ya soda"... hiyo avuke nayo tu barabara. Wachongaji pale mjini hawazidi wale wanaojuana kwa majina, wangeweza hata kukaa wakakubaliana bei ya chini ya saa. Bei ya saa, siyo bei ya kipande, maana kipande kila mtu ana ufundi wake na aliye mwepesi ale matunda ya wepesi wake.

Kwa mteja nasema hivi: ukiambiwa bei, usiulize "mwisho shilingi ngapi". Uliza chuma kina kilo ngapi na kazi ni saa ngapi. Fundi anayejua atakujibu na mtaelewana, kama ni kupunguza mtapunguza mahali panapoeleweka, labda sehemu fulani haihitaji kusafishwa ing'ae, labda kipenyo kingine kinakubalika. Asiyejua atakasirika.

Karatasi niliyomwandikia fundi ina mistari saba tu, nimeichora kwa mkono, ipo ukutani juu ya mashine pembeni ya kalenda. Wiki ya mwisho kabla sijapanda basi alikuwa ameshaijaza mara sita. Mbili kati ya hizo alikataa kazi. Moja mteja alikubali bei baada ya kuisoma karatasi mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari. Ile ya puli ya mashine ya kusaga alikosea kilo, nimeona picha aliyonitumia jana, ameweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo na chuma kimekuwa kizito mara nne. Kesho nikipata bando nampigia kabla mteja hajarudi.